Saa Mbili na Robo ya Mzee

Mwaka 2006 kampuni ndogo ya utalii niliyokuwa mhasibu wake, yenye ofisi jirani na Mnara wa Saa mjini Arusha, ilianza kumaliza dizeli kwa kasi ambayo vitabu vyangu havikuweza kuieleza. Wageni hawakuongezeka wala safari za Ngorongoro hazikuongezeka, ila risiti za mafuta ya kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, zilikuwa zikija mbilimbili. Nilipomwuliza dereva, alinijibu kwa utulivu wa mtu mwenye ushahidi mfukoni kwamba orodha ya ofisi ndiyo inayomtuma: mgeni yuleyule, ndege ileile ya kutoka Amsterdam, mara moja saa nane na robo mchana na mara ya pili saa mbili na robo usiku. Mchana huo alikuwa akisimama na bango lake hadi walinzi wa uwanja wakamzoea, kisha akarudi kilomita zipatazo 50 peke yake, akala, akaondoka tena.

Orodha hiyo ilitoka kwenye kompyuta ya katibu muhtasi, nayo kompyuta ilipata sehemu ya habari zake kwenye Palm m500, kidude cha kiganjani ambacho Mzee, mwenye kampuni, aliachiwa na mteja mmoja Mholanzi badala ya bakshishi. Mzee alikipenda kidude hicho kuliko magari yake. Kalenda yake ilianzia mwaka 1904 na kuishia 2031, na alitumia adhuhuri nzima kuirudisha nyuma, mpaka siku ambazo Boma la Wajerumani lilikuwa bado jipya mjini hapa, ili ajue marehemu baba yake alizaliwa siku gani ya juma. Jioni alikuwa akikiweka kwenye kikalio chake chenye waya wa USB, anabonyeza kitufe, na kidude na kompyuta vinapeana habari za siku.

Fundi aliitwa. Alianza na waya, akaubadilisha. Akahamia kwenye tundu la USB, akalipuliza kwa mdomo. Akaiondoa programu na kuiweka upya kutoka kwenye CD, akahakikisha kwamba jina la Mzee limeandikwa sawasawa pande zote mbili, kwa sababu jina likitofautiana kompyuta hukiona kidude kuwa ni cha mtu mwingine. Kila mara kitufe kilipobonyezwa, kidude kilitoa mlio wake wa furaha na kutangaza kwamba kazi imekamilika bila kasoro, na kila mara wageni walizaliwa mapacha. Hatimaye fundi akafuta jasho na kutamka neno ambalo mafundi wa wakati ule walilitunza kwa ajili ya saa ya mwisho: virusi.

Hapakuwa na kirusi. Katibu muhtasi alikuwa akinakili muda kutoka kwenye tiketi, 20:15, kama tiketi inavyosema. Mzee, akiambiwa kwa simu kwamba wageni wanafika saa mbili na robo usiku, aliandika mbili na robo, akachagua upande wa alasiri na usiku kwa uangalifu mkubwa. Mashine, ambayo haikuzaliwa Arusha, ilihesabu kumbukumbu mbili tofauti na kuzihifadhi zote. Hata katibu alipoisahihisha ya Mzee na Mzee akaisahihisha ileile upande wake, kidude hakikutaka kumkosea heshima mmoja wao: kumbukumbu moja ikibadilishwa pande zote mbili kabla ya kulandanishwa, programu ile huziacha zote mbili.

Niliingia ofisini kwake na shikamoo yangu, nikamweleza.

“Mwanangu,” akasema, “saa mbili na robo nimeandika mbili na robo. Ulitaka niandike ngapi?”

Nilitazama nje dirishani. Pale kwenye mnara mshale mfupi ulikuwa kwenye nane, na mji mzima ulikuwa ukisema saa mbili bila kuhitaji fundi.

Fundi akapendekeza njia nyingine. Programu iliruhusu upande mmoja uufute mwingine, kwa hiyo kompyuta ingeweza kuambiwa ifute yote yaliyomo kwenye kidude na kuweka ya kwake. Mzee alimtazama kwa muda mrefu.

“Kompyuta niliinunua mimi. Inanifuta kwa lipi?”

Aliyelimaliza jambo hili ni Mama, mke wa Mzee, ambaye hakujali dizeli hata kidogo. Kikao cha saa tatu asubuhi kilikuwa kikilia chumbani mwao saa tisa za usiku, naye alikwisha kutenga ndoo ya maji kwa ajili ya kidude. Siku iliyofuata Mzee akairudisha saa ya kidude nyuma kwa saa sita kamili, na usiku huo nyumba ikalala. Kwa kuwa dawa ilikuwa imefanya kazi, akaamuru kompyuta zote za ofisi zitibiwe vilevile, na katibu akaagizwa kuandika kama watu wanavyosema.

Nakiri kwamba mapacha walikoma. Dereva akaenda KIA mara moja kwa kila mgeni, dizeli ikarudi kwenye kiwango chake, na tarehe katika ofisi yetu ikawa inabadilika saa kumi na mbili alfajiri, jambo ambalo Mzee aliliona la adabu zaidi kuliko kubadilika watu wakiwa wamelala.

Kisha ikaja barua pepe ya wakala mmoja wa Uholanzi. Alishukuru kwa bei tulizompa, akazikubali, akauliza kwa upole imekuwaje jibu letu likaandikwa saa nyingi kabla yeye hajatuma swali. Katibu alimsomea Mzee barua hiyo mara mbili. Mzee akavua miwani, akafikiri, akamwagiza ajibu kwamba kampuni yetu inajali sana wateja wake.