Utamu wa Likizo Waulize Waliolala Katikati

Kundi la WhatsApp la ukoo limeamka tena. Mtu kaweka picha ya zamani, watoto tumepangwa mbele ya nyumba ya bibi, macho tumeyafinya kwa jua, basi machozi yameanza kumiminika. "Yale ndiyo yalikuwa maisha!" "Tulipendana jamani!" "Watoto wa siku hizi hawajui raha!"

Mimi nasoma kimya. Nilikuwepo. Kwenye picha hiyo mimi ndiye yule aliyekatwa ukingoni, limebaki sikio moja na bega.

Kuna jambo halisemwi kwenye kundi hilo: raha ya likizo zile ilitegemea umezaliwa wa ngapi. Wakubwa walikuwa na amri. Wadogo walikuwa na kilio, na kilio cha mdogo katika nyumba ile kilikuwa ushahidi tosha, hakihitaji shahidi wa pili. Sisi wa kati tulikuwa na kazi. Ukisogea kusikiliza stori za wakubwa, "Hebu toka hapa, nenda kacheze na wenzako." Unakwenda kucheza na wadogo, kikombe kinavunjika: "Na wewe mtu mzima ulikuwa unaangalia nini?" Nilikuwa mtoto saa ya kupewa, mtu mzima saa ya kuulizwa.

Tuje kwenye kulala. Godoro moja, watoto hawahesabiki, kwa hiyo mzungu wa nne, vichwa huku na vichwa kule. Wote wanaosifia likizo zile walilala katikati. Katikati kuna joto, kuna shuka. Mimi nililala ukingoni, nusu yangu iko likizo, nusu iko sakafuni. Shuka nililisikia tu likivutwa. Na usoni nilikuwa na kisigino cha binamu yangu mmoja ambaye leo ni bosi mzito, akiingia ofisini watu wanasimama. Nami nasimama, lakini namheshimu kwa shida. Nakijua kisigino kile.

Halafu kulikuwa na mkojozi. Simtaji, ila ndiye kaandika "Tulipendana jamani." Godoro lililochoka huinamia ukingoni, na maji hayapandi mlima. Asubuhi kesi inasikilizwa haraka sana: nani kalowa? Mimi. Imekwisha hiyo, leteni mwingine.

Bafuni ndiyo usiseme. Wazee kwanza, hilo sina neno. Wadogo wanaogeshwa kwa mafungu, wanatoka wanapiga kelele. Wakubwa wanajifungia humo wakiimba. Taulo ni moja, na likinifikia mimi limelowa kuliko mimi. Nilikuwa najifutia maji ya watu.

Bibi alitupenda, sikatai. Lakini kukuita jina lako ilikuwa safari. Anaanza na baba zetu, anapita kwa mashangazi, anamgusa marehemu mmoja, anamtaja paka, ndipo anakufikia wewe, na hapo kasahau alichokuitia. Nilishukuru kila mara, maana hakuwahi kumwita mtu wa kati kumpa kitu.

Juzi mpwa wangu anayesomea udaktari kaniambia kwamba mwaka 1688, huko Basel, Uswisi, kijana mmoja msomi wa tiba aitwaye Johannes Hofer aliandika kuwa kuwaza sana nyumbani ulikotoka ni ugonjwa kabisa, unamkondesha mtu hata kumuua, na tiba yake ni kumrudisha mgonjwa kwao. Nikasema huyo ndiye daktari wa ukoo wetu! Warudishwe wote. Usiku mmoja tu pale ukingoni, wangeamka wamepona na kundi lingefungwa.

Kumbe wamewaza hivyo hivyo, ila kwa nia nyingine. Shangazi, ambaye ndiye mwenye kundi na mwenye neno la mwisho, katangaza: likizo ijayo sote tunarudi nyumba ya bibi, na watoto wetu. Kundi likalipuka kwa shangwe. Nikamfuata pembeni kwa adabu.

"Shikamoo shangazi. Naomba tu kitanda."

"Marahaba mwanangu. Vitanda ni vya wazee."

"Shangazi, nina mvi."

"Hizo ni mawazo. Kaka zako wana mvi za umri."

Jana orodha ya vyumba imetoka. Mwenye kisigino kapewa chumba cha mbele peke yake, eti mgongo unamsumbua. Mgongo! Mkojozi kapewa godoro jipya. Mimi niko chumba cha watoto, na mbele ya jina langu shangazi kaandika kwa herufi kubwa: AWAANGALIE WASIVUNJE VIKOMBE.