Masimango ya risasi

Ukionyeshwa kipande cha risasi (madini, si ya bunduki) chenye herufi mbili tatu, usikimbilie kusema ni hela ya zamani. Kama kimetoka Ulaya, huenda kilikuwa chakula cha mtu siku ile.

Katika miji ya Uholanzi na Ubelgiji ya leo, waangalizi wa maskini waligawa vipande kama hivi tangu zama za kati. Fukara alikipeleka akapewa mkate, au mboji kavu ya kukokea moto. Kwa nini wasimpe fedha tu? Kwa sababu fedha ingeweza kuishia kwenye pombe. Ndivyo walivyoamini watoaji, na mimi hapo ndipo ninapoanza kukunja uso.

Scotland nako kulikuwa na vibao vya ombaomba. Sheria ya mwaka 1424 ilimkataza mtu wa kati ya miaka 14 na 70 kuomba bila alama ya ruhusa. Vibao vilivyobaki mara nyingi vina jina la parokia na namba ya aliyekivaa. Wakusanyaji wengi huvichanganya na vipande vya Meza ya Bwana, ambavyo waumini wa huko walipewa ili waruhusiwe kushiriki. Kwangu dalili ya kwanza ni tundu. Cha Meza ya Bwana kilishikwa mkononi kikarudishwa kanisani, kwa hiyo hakikuhitaji kutobolewa. Mara nyingi kina mwaka na herufi za jina la mchungaji. Cha ombaomba kilishonwa au kuning'inizwa kwenye nguo, watu wote wakione.

Uingereza walikwenda mbali zaidi. Kwa sheria ya 1697, aliyepokea msaada wa parokia alivaa begani, upande wa kulia, herufi P na herufi ya parokia yake, kwa kitambaa chekundu au cha buluu. Mkewe na watoto vilevile. Aliyekataa aliweza kunyimwa msaada, au kupelekwa gerezani akachapwa viboko na kufanyishwa kazi ngumu hadi siku 21. Sheria hiyo ilifutwa 1810. Sisi tuna neno lake kamili: masimango. Tofauti ni kwamba haya yalishonwa kwenye nguo.

Msinielewe vibaya, sidharau mkate. Aliyekuwa na njaa alishiba. Ila nikisoma habari za Bamba Chakula kule kambi ya Kakuma, Kenya, ile pesa ya simu ambayo mkimbizi alinunulia chakula kwa wafanyabiashara walioidhinishwa lakini hakuweza kuitoa taslimu, naiona hofu ileile ya watoaji wa zamani. Angalau simu hukaa mfukoni. Mama akienda dukani, jirani hamsomi begani.