Waja Leo, Waondoka Leo? Si Siku ya Mechi

Tarehe 2 Agosti 2025, Jumamosi, mimi na shemeji yangu tulipanda basi la alfajiri pale stendi ya Kange, Tanga, kwenda Dar kuangalia ufunguzi wa CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Taifa Stars na Burkina Faso, Uwanja wa Mkapa. Hesabu zetu zilikuwa za Kitanga kabisa: waja leo, waondoka leo. Twende asubuhi, tuangalie mpira, turudi na basi la usiku, Jumapili chai tunywe nyumbani. Tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena mwaka 2023, shemeji hataki kusikia habari ya kulipia gesti.

Kwenda hakukuwa na neno. Muheza machungwa, Segera tukachimba dawa, Chalinze foleni ya kawaida. Na mpira wenyewe sitausahau. Penalti ya kabla ya mapumziko alipiga Abdul Sopu, tukashangilia mpaka waliokaa mbele yetu wakageuka, maana Sopu sisi tulimjua akiwa na jezi ya Coastal Union kabla Dar haijamchukua. Kipindi cha pili Tshabalala akaweka la pili. Mbili bila.

Halafu filimbi ikalia.

Watu huingia uwanjani kidogo kidogo tangu mchana, lakini kutoka wanatoka wote kwa pamoja, na Mkapa ni uwanja wa watu 60,000. Uko Temeke. Stendi ya Magufuli iko Mbezi, upande mwingine kabisa wa jiji. Bajaji ya kwanza ilitutajia bei ambayo shemeji aliiulizia mara mbili, akidhani hakusikia vizuri. Tulipofika Mbezi basi letu lilikuwa limeshaondoka, na tiketi ikabaki karatasi. Tukalala kwenye benchi. Asubuhi mabasi ya Tanga yote yamejaa, mpaka kijana mmoja akatupatia viti viwili vya nyuma kwa nauli ambayo LATRA hawajawahi kuipanga.

Nayasema haya kwa sababu AFCON ya 2027 tumepewa sisi, Kenya na Uganda, na barazani kwetu Ngamiani kila jioni watu wanapanga safari. Nikiwasikiliza, wote wanaongelea tiketi ya mechi. Itauzwaje, shilingi ngapi, nani ana mtu wa kumnunulia. Sijamsikia hata mmoja akiuliza atarudi vipi. Kwangu mimi, safari ya mpira ianze kupangwa kutoka mwisho: kwanza ujue utalala wapi na utaondoka na nini, ndiyo uende kwenye tiketi. Kama hujapata jibu la kurudi, hiyo mechi iangalie kwenye banda umiza, utaifaidi zaidi.

Ushahidi ninao. Mwaka 2022 Coastal Union walipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Yanga kule Arusha, tulichangishana tukakodi kosta. Safari ndefu kuliko ya Dar, na matokeo yalituuma: tatu kwa tatu, mabao yote matatu ya kwetu kafunga huyo huyo Sopu, halafu tukafungwa kwa penalti. Lakini kurudi kulikuwa raha. Gari lilikuwa limeegeshwa mahali tulipokubaliana, na dereva alishinda amelala wakati sisi tunapiga kelele uwanjani. Hakuna aliyegombana na bajaji. Tulirudi na huzuni zetu, lakini tumekaa kwenye viti vyetu.

Kwa wanaotaka kufikia kwa ndugu Dar, mpigie mwenyeji wako mapema, tena umwambie mko wangapi kweli. Watu wa Temeke wana mioyo mikubwa, ila nyumba ni zile zile. Na usiende mikono mitupu.

Kuna jambo lingine ambalo barazani halitajwi. Mashindano ni ya nchi tatu, na hata kwetu si Dar peke yake. Kuna Amaan Unguja na uwanja mpya wa Arusha. Timu ni 24 katika makundi sita, wawili wa juu wanapita, na wanaoshika nafasi ya tatu wanapita wanne walio bora. Kule Morocco, kwenye AFCON ya 2025, tulipita kwa mlango huo wa nafasi ya tatu, tena kwa pointi mbili tu. Sasa ukipita kwa mlango huo, mechi inayofuata unajua inachezwa wapi zikiwa zimebaki siku chache, na haitakungoja utafute hati za kusafiria.

Hapa ndipo Tanga tuna bahati na hatuioni. Sisi kwenda Horohoro ni karibu kuliko kwenda Segera. Unavuka Lunga Lunga, unapanda kivuko cha Likoni, uko Mombasa, na Mombasa kuna treni ya SGR mpaka Nairobi. Mtu wa Dar akitaka kwenda Kenya kwa njia ya pwani atapita mlangoni kwako. Lakini mpakani hawaangalii jezi. Pasi ya kusafiria ishughulikie Uhamiaji mapema, kabla ya msongamano, na kadi ya njano ya chanjo uiweke ndani ya pasi, sio kabatini kwa mama. Nimeshaona mtu akirudishwa Horohoro huku ameshakata tiketi ya treni.

Barazani tumeanzisha kibubu. Kila Ijumaa mtu anatia alichonacho, na mshika daftari ni mwanamke, kwa sababu zinazojulikana. Shemeji, ambaye bado anaamini kwamba mwaka ule kosa lilikuwa la bajaji, ameanza kuulizia bei za kosta. Juzi kaja na furaha: kapata ya bei nzuri, ya kwenda na kurudi usiku ule ule.

"Dereva atalala saa ngapi?" nikamuuliza.

Bado sijajibiwa.