Kiswahili chetu kinawaficha

Mdogo wangu alikijua kitabu cha darasa la pili chote kwa kichwa. Akiambiwa asome, kidole kinatembea chini ya mstari, sauti inatiririka. Siku moja mwalimu akamfungulia ukurasa mwingine, akafunika picha kwa kiganja. Kimya. Kisha: "A... li... po... wa..." Alipofika mwisho wa neno, mwanzo ulishamtoka, akabuni: "Aliwapenda!" Neno lilikuwa "alipowapeleka". Darasa la watoto zaidi ya 80 likaangua kicheko. Tangu siku hiyo akaitwa Kilaza.

Mtoto huyo huyo ndiye mama alikuwa anamwachia genge, na chenji haikupungua hata siku moja. Nyumbani tukasema ni mvivu, basi. Macho yakapimwa, mazima.

Jina disleksia nimelisikia ukubwani. Ni ugumu wa kuoanisha sauti na herufi. Si upungufu wa akili, si macho, na mara nyingi hutembea kwenye ukoo. (Siku hizi namkumbuka baba na gazeti lake. Kila mara tulisoma sisi, eti miwani haionekani.)

Kila Oktoba, mwezi wa kuhamasishana juu ya disleksia, mitandao hujaa picha za herufi zinazocheza, b ikigeuka d, na Einstein pembeni. Einstein hakuna aliyempima. Na kugeuza herufi, watoto wengi tu wanaoanza kuandika hugeuza. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mzazi wa Mbagala akiona picha zile atasema, aah, wangu hana hayo.

Hayo ya kwenye picha huenda kweli hana, ila disleksia anaweza kuwa nayo, imejificha, maana Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Ba ni ba, leo na kesho. Mtoto wetu mwenye disleksia akishazishika silabi atafika, ila atafika amechelewa, amechoka, na hajui alichosoma. Waitaliano nao wako hivyo. Mwaka 2001 watafiti waliwalinganisha na Wafaransa na Waingereza wenye disleksia: Waitaliano walisoma vizuri kuliko wenzao, lakini ndani ya ubongo hitilafu ilikuwa ile ile.

Basi kwetu Tanzania mtoto anajikongoja na KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), anavuka. Halafu Kidato cha Kwanza masomo yanageuka Kiingereza, lugha ambayo "rough" na "dough" zinafanana sura na kuachana sauti. Mdogo wangu aliacha Kidato cha Pili. Hakuna aliyeshangaa.

Kampeni ninayoitaka mimi ianzie kwa mwalimu wa darasa la kwanza na la pili, aambiwe atazame mwendo wa kusoma, asihesabu makosa tu. Mpe mtoto ukurasa asioujua. Mpe na maneno yasiyo na maana, "kedoso", "mupiga", uone kama anasoma au anakumbuka. Ukishagundua, usimsimamishe mbele ya wenzake. Msomee swali, ajibu kwa mdomo. Kwa hilo hatuhitaji mfadhili, wala semina yenye posho.

Mdogo wangu sasa ana miaka 31. Kwenye grupu la familia haandiki, anatuma sauti tu. Mwezi uliopita mwanawe wa darasa la pili alinisomea ukurasa mzima, hakukosea hata neno. Baba yake anachekelea.

Nikafungua ukurasa mwingine, nikafunika picha.