Nani Awakague Wazima Moto? England na Miaka Yake Kumi Bila Wakaguzi

Wakati wa vita, mwaka 1941, serikali ya Uingereza ilivikusanya vikosi vya zimamoto takribani 1,600, kila kimoja kikiwa na mabomba na desturi zake, ikavifanya jeshi moja la taifa. Vita vilipokwisha, Sheria ya Huduma za Zimamoto ya mwaka 1947 ilivirudisha vikosi mikononi mwa serikali za mitaa kuanzia Aprili 1948, lakini wizara ilibaki na wakaguzi wake wa kuvitembelea na kumwarifu waziri kama vinafaa kwa kazi. Tangu hapo swali la nani awe mkaguzi, na kwa mamlaka gani, halijapata jibu la kudumu.

Wakaguzi wa awali wengi wao walikuwa maofisa waliopanda vyeo ndani ya vikosi hivyohivyo. Walikuwa na kipimo cha kitaifa kilicho wazi: katikati ya miji mikubwa, kwa mfano, magari mawili yalitakiwa kufika ndani ya dakika 5 na la tatu ndani ya dakika 8, ilhali katika maeneo ya mashambani gari moja lingeweza kuchukua hadi dakika 20. Wanaoutetea utaratibu huo husema, na kwa haki, kwamba mtu aliyewahi kuingia kwenye moshi hadanganywi na makaratasi. Upande wa pili nao una hoja nzito, kwa sababu mkaguzi wa aina hiyo alikuwa akiwapima watu aliofanya nao kazi, na kipimo chenyewe kilihesabu dakika na magari bila kuuliza kikosi kimejifunza nini kutokana na moto wa jana.

Baada ya mgomo wa wazima moto wa mwaka 2002 na 2003, viwango hivyo vya kitaifa viliondolewa na kila eneo likaachiwa kupanga kulingana na hatari zake, huku mkazo ukihamia kwenye kuzuia moto. Mabadiliko hayo hayakuwa ya kipuuzi, kwani vifo vya moto majumbani vilikuwa vikipungua. Hata hivyo, mwaka 2007 chombo cha ukaguzi cha England kilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na mshauri mkuu wa serikali. Kamati ya taifa iliyokuwa ikikagua utendaji na hesabu za serikali za mitaa, zimamoto wakiwemo, nayo ilifungwa mwaka 2015. Kilichosalia zaidi ni vikosi kutathminiana vyenyewe kwa vyenyewe.

Naona hapo ndipo kosa lilipotendeka, na ushahidi wake ni mchungu. Julai 2009 jengo la ghorofa la Lakanal House, kusini mwa London, liliungua na watu 6 wakafa, baadhi yao wakiwa wameambiwa kwa simu wabaki ndani. Mwaka 2013 uchunguzi wa vifo hivyo ulitoa mapendekezo kwa kikosi cha London, lakini hapakuwa na mkaguzi wa taifa wa kurudi mwaka baada ya mwaka kuuliza yamefikia wapi. Juni 14, 2017, jengo jingine la ghorofa la London, Grenfell Tower, liliungua, watu 72 wakafa, na wakazi wengi waliambiwa vilevile. Ripoti ya mwisho ya tume ya uchunguzi, ya Septemba 2024, ilikilaumu kikosi kwa kutojifunza kutokana na Lakanal.

Uamuzi wa kurudisha ukaguzi ulikuwa umefikiwa kabla ya Grenfell, na Julai 2017 kazi hiyo ilikabidhiwa chombo cha wakaguzi wanaovikagua vikosi vya polisi. Umbali wao na zimamoto umekuwa na faida. Ripoti yao ya Desemba 2019 ilisema bila kuficha kwamba London ilikuwa ikibadilika polepole mno. Lakini sitadai kwamba mkaguzi wa nje huona kila kitu: ukubwa wa ubaguzi na uonevu ndani ya kikosi hicho ulidhihirika Novemba 2022, katika uchunguzi huru ulioagizwa na kikosi chenyewe, na wakaguzi wakakiweka chini ya uangalizi wa karibu mwezi uliofuata.

Udhaifu mkubwa zaidi umo kwenye sheria. Mkaguzi anaweza kudai nyaraka na kuingia kituoni, ila hawezi kulazimisha pendekezo lake litekelezwe. Mamlaka ya eneo inatakiwa kulizingatia na kutangaza mpango wa hatua. Wapo wanaohofu kwamba nguvu zaidi zingewapora madiwani waliochaguliwa haki ya kuamua fedha za wananchi wao ziende wapi, na hofu hiyo ni ya kweli. Kwa hiyo nisingempa mkaguzi amri juu ya bajeti. Ningempa jambo dogo zaidi: pendekezo linalohusu uhai wa watu likataliwe tu kwa maandishi yenye sababu, mbele ya baraza la wazi, na yeye mwenyewe arudi katika muda uliotajwa kisheria kuangalia kama lililokubaliwa limetendeka.