Unga wa alumini unahitaji zaidi ya tanuru
Makala yenu inawahimiza mafundi wa Arusha na Moshi kutengeneza vipuri kwa kushindilia unga wa aloi ya alumini (alumini iliyochanganywa na metali nyingine) kwenye kalibu na kuuchoma tanuruni, badala ya kusubu, yaani kumimina metali iliyoyeyuka kwenye kalibu. Nguvu ya vipuri hivyo mnayoisifu ni ya kweli, kwa kuwa chembe za aloi iliyoyeyushwa na kupulizwa kwa gesi iwe matone madogo huganda upesi mno, kiasi kwamba zinki, magnesi na shaba zilizomo hazipati nafasi ya kujitenga katika mabonge makubwa. Hata hivyo, kila chembe imefunikwa na utando wa oksidi unaoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, ilhali alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660, hivyo joto la tanuru la kawaida haliunganishi chembe hizo vizuri. Ndiyo maana unga wa aloi imara kwanza huondolewa unyevu na hidrojeni kwa joto ndani ya ombwe (chombo kilichoondolewa hewa), kisha husukumwa ukiwa moto kupitia tundu jembamba ili utando upasuke.

Nawasihi mafundi wenzangu wa hapa Moshi, wanaosubu sufuria chakavu, wasisage alumini kuwa vumbi laini karakanani: likitanda hewani, cheche moja hulilipua, na likiwaka lisimwagiwe maji kamwe, bali lifunikwe taratibu kwa mchanga mkavu.