Deni la Mbuzi Lililomfikia Mama Mkwe

Mwaka ule kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Mikindani kilimpokea kijana wa kujitolea kutoka Uingereza. Baada ya kulitazama daftari letu la madeni, lenye madoa ya mafuta ya taa na kurasa mbili zilizoliwa na mchwa, alisema kwa upole kwamba kompyuta ingetufaa. Mimi, katibu, niliafiki hapohapo, maana kufuata wadaiwa mlango kwa mlango kulikuwa kumenimaliza soli.

Ilikuwa Novemba, minada ya korosho imeanza na wakulima wanalipwa kupitia vyama vyao vya msingi, majira ambayo mdaiwa wa Mtwara hana kisingizio. Tuliingiza majina, madeni na namba za simu kwenye jedwali, kisha kijana akanionyesha programu ya kumtumia kila mwanachama ujumbe wake kwa mara moja. Alinionya tu kwamba ujumbe ukizidi herufi 160 hutozwa kama ujumbe wa pili. Nikaanza kukata. Salamu ikaondoka, "tafadhali" ikafuata, hata nikabaki na hii: "MAMA PILI UNADAIWA 45,000 ZA MBUZI. KOROSHO ZIMELIPWA. LIPA IJUMAA. USIJIFICHE." Ukihesabu utaona nafasi ya salamu ilibaki tele, lakini ubahili ukishamkolea mtu, hesabu haifanyi kazi.

Jioni, mgeni akiwa amekwenda kuogelea, nilijiona fundi. Majina hayakunipendeza yalivyochanganyika, nikayapanga kwa alfabeti pamoja na madeni yake. Namba za simu sikuzigusa. Zilibaki palepale, zikingoja wenyewe ambao walikwisha kuhama. Nikatuma.

Asubuhi, kabla sijamaliza chai na mhogo, mama mkwe alikuwa uani, ushungi ameushusha hadi kwenye nyusi, simu ameishika kwa ncha za vidole kama aliyeokota samaki aliyevunda.

"Shikamoo, mama," nilisema, uso nimeuinamisha.

Hakuitikia. "Baba, mimi nilikupa mwana. Mbuzi wako nimemla lini? Na hilo la kujificha, nimejificha wapi?"

Niliita mke wangu aje kunisaidia. Alikuwa amejifungia jikoni anacheka. Nikaeleza habari za alfabeti. Jamani, msijaribu kumweleza mkwe habari za alfabeti.

Mgeni alipokuja aliuliza kama ujumbe ulifika. Nikamwambia umefika.

Siku tatu nilizunguka mji mzima kuomba radhi, mlango kwa mlango, kwa soli zilezile. Wengi walisamehe, ila fundi baiskeli, anayedaiwa tangu misimu miwili iliyopita, hakuona kosa lolote. Yeye alikuwa amepata ujumbe usemao, "SHEHE HONGERA, HUDAIWI KITU." Mpaka leo nikimdai huutoa mfukoni, simu ameizungushia nailoni isiingie vumbi, na ukimwita kwa jina lake haitiki, anataka aitwe Shehe.